Je, wajua kwa nini mgomo wa kada moja ya wahudumu wa afya hufunga hospitali nzima?

Juni 2017 wauguzi wa umma nchini Kenya waliweka zana chini, wakarudi Novemba. Madaktari walikuwa wamesharejea tangu Machi baada ya mgomo wao wa siku 100. Daktari yupo, lakini wodi nyingi za hospitali za kaunti hazikupokea wagonjwa. Inakuwaje?

Chukua upasuaji wa mama anayejifungua katika hospitali ya rufaa, tuseme Kisumu. Daktari hashiki kisu kabla mama hajachomwa ganzi ya mgongo, na katika hospitali nyingi za kaunti anayeichoma ni afisa wa kliniki (mtaalamu wa tiba asiye daktari) aliyesomea nusukaputi, yaani dawa za ganzi na usingizi. Muuguzi mmoja yuko mezani akimpa daktari vyombo, mwingine anazunguka kuleta vinavyohitajika, na wawili hao huhesabu vitambaa kwa sauti kabla ya tumbo kufungwa. Kitambaa kikisahaulika ndani kinaweza kuleta usaha, na daktari anayeshona hawezi kuhesabu peke yake. Damu nayo haitundikwi mpaka maabara ioanishe ya mama na ya chupa. Akitoka thieta, presha na damu inayomtoka hukaguliwa kila robo saa mwanzoni. Kazi hiyo ni ya muuguzi.

Kila kada ina leseni yake na chama chake cha wafanyakazi, hivyo hujadili mshahara na marupurupu peke yake. Mmoja akiongezwa, mwingine hudai vivyo hivyo. Mkataba wa madaktari ulitiwa saini na serikali ya kitaifa Juni 2013, wakati huduma za afya zinahamia kaunti, na ubishi wa kuutekeleza ndio uliozaa mgomo wao wa Desemba 2016. Aprili 2024 ikawa mbaya zaidi: madaktari walikuwa wamegoma tangu Machi, maafisa wa kliniki nao wakatoka. Maafisa hao ndio mara nyingi humwona mgonjwa kwanza anapofika. Kwa maoni yetu, kujadiliana na kada moja moja ni kupanga mgomo unaofuata.

Mgomo ukitangazwa, mjamzito asiulize tu kama hospitali iko wazi. Aulize: mtu wa nusukaputi yuko usiku? Damu ipo? Jibu lolote likiwa hapana, atafute mapema hospitali ya misheni iliyo na vyote viwili. Na mtoto aliyekosa chanjo ya wiki 6, 10 au 14 haanzi upya. Kliniki ikifunguliwa, anaendelea alipoachia.