Mzizi wa Jino la Mbele Unapoliwa Kimyakimya

Jino la mbele lililogongwa likaacha kuuma si lazima liwe limepona. Seli za mwili wenyewe zinaweza kuanza kuumega mzizi wake bila maumivu wala uvimbe, na wengi hulijua hilo kwa bahati, wamepigwa eksirei kwa shida nyingine.

Kuna ulaji wa ndani, unaoanzia kwenye kiini cha jino (nyama laini ya ndani yenye damu na neva), na wa nje, unaoshambulia uso wa mzizi baada ya ajali, nguvu ya waya za kunyoosha meno, au chonge lililokwama likaegemea mzizi wa jirani. Doa la waridi karibu na fizi huweza kutokana na wowote kati yao, kwa hiyo rangi haitoshi kuamua. Hata eksirei moja hudanganya: shimo lililo nyuma ya mzizi huonekana kana kwamba limo ndani. Daktari hupiga ya pili kwa pembe tofauti. Kivuli cha shimo kikibaki palepale kwenye mfereji, yaani njia ya kiini ndani ya mzizi, ulaji ni wa ndani. Kikihama, ni wa nje. Pakiwa bado na utata, skani ya pande tatu huumaliza. Jino hugongwagongwa pia kwa mpini wa kioo cha daktari. Mlio mkali wa chuma huashiria mzizi umeshikana na mfupa.

Kupambanua huku ndiko kunakoamua tiba. Ulaji wa ndani hulishwa na damu ya kiini. Kiini kikitolewa na mfereji ukazibwa, hukoma. Wa nje unaochochewa na bakteria wa kiini kilichokufa hutibiwa vivyo hivyo. Ule wa waya kwa kawaida hutulia nguvu ikiondolewa, na kutoboa jino hilo lenye kiini hai ni kuliharibu bure. Mzizi ulioshikana na mfupa hauna dawa ya kuubandua. Kwa mtu mzima jino huweza kudumu miaka. Kwa mtoto anayekua, hubaki nyuma wenzake wakiendelea kuota.

Jino la ukubwani liking'oka lote, lishike upande wa kutafunia, usisugue mzizi, lirudishe papo hapo au liweke kwenye maziwa ukimbilie kliniki. Likiwa na mzizi uliokomaa, tiba ya mfereji huanza ndani ya wiki 2, kisha eksirei za ufuatiliaji huendelea kwa miaka 5.