Utengamao kwa njia ya video: mgonjwa wa nyumbani hapunjiki

Familia za wagonjwa huniuliza swali hili karibu kila wiki: "Haya mazoezi ya kwenye simu yatamsaidia kweli, au mnataka tu kupunguza foleni?" Wana haki ya kuuliza. Mtu aliyepata kiharusi au aliyebadilishiwa goti anajua tiba ya viungo kama mikono ya mtaalamu juu ya mwili wake. Ukimwambia aweke simu mezani, arudi nyuma hatua tatu na aanze kunyoosha mkono, anaweza kujiona ametelekezwa.

Utengamao ni huduma ya kumrudishia mtu uwezo wa kutembea, kusema, kuvaa na kujihudumia baada ya ugonjwa au jeraha. Duniani, watu wapatao bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo zingenufaika nayo, na katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati wataalamu wenye ujuzi hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Ndiyo maana suala la video haliwezi kuachwa kwa hisia. Limepimwa, na nitaeleza lilivyopimwa.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo 11 nchini Marekani. Wagonjwa 124 wa kiharusi waliobaki na udhaifu wa mkono waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walipewa vipindi 36 vya dakika 70, mazoezi yenye uzito uleule. Tofauti ilikuwa mahali tu: wengine walikwenda kliniki, wengine walibaki nyumbani na kompyuta yenye kamera na michezo ya mazoezi. Katika makundi yote mawili, nusu ya vipindi mtaalamu aliwaangalia na nusu walifanya wenyewe. Kwa kipimo cha Fugl-Meyer, cha uwezo wa kujongea baada ya kiharusi, ambacho kwa mkono kina alama 66, wa kliniki walipanda kwa wastani alama 8.4 na wa nyumbani 7.9. Watafiti hawakuuliza kama video inaishinda kliniki. Waliuliza kama mgonjwa wa nyumbani anapunjika kiasi cha kumrudisha nyuma, na wakakuta hapunjiki.

Nchini Canada, utafiti wa mwaka 2015 uliowahusisha watu 205 waliobadilishiwa goti ulifikia hitimisho kama hilo.

Lakini matokeo yaliyonigusa zaidi ni ya mapafu. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 15 za utengamao wa mbali zenye washiriki 1,904, karibu wote wakiwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Uwezo wa kutembea wa waliohudumiwa kwa mbali haukutofautiana na wa waliohudhuria vituoni. Waliomaliza programu, hata hivyo, walikuwa asilimia 93 kwa waliohudumiwa kwa mbali na asilimia 70 kwa waliokwenda kituoni. Hebu fikiria mgonjwa anayeishiwa pumzi kabla hajafika kituo cha basi. Safari yenyewe inamla nguvu alizotakiwa kuzitumia kwenye mazoezi, na siku akizidiwa anaacha. Programu nzuri ambayo mgonjwa ameiacha njiani haimponyi.

Kwa kiharusi sitaki kutia chumvi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yenye tafiti 22, hayakuona tofauti katika shughuli za kila siku, lakini uthabiti wa ushahidi wake ulikuwa wa chini hadi wa kati. Kazi bado ipo.

Kwa nini inawezekana? Kwa sababu baada ya kiharusi ubongo hujipanga upya kwa kurudiarudia tendo, mara mia na mara elfu, na tendo hilo likosolewe linapokwenda kombo. Chukua zoezi dogo la kufikia kikombe mezani. Mgonjwa anakifikia, familia inapiga makofi. Mimi kwenye skrini naona bega limepanda karibu na sikio na kiwiliwili kimeinama mbele, maana yake kiwiko hakijanyooka hata kidogo. Ninamwambia: "Shusha bega. Mgongo ubaki umeegemea kiti. Sasa sukuma mkono polepole." Safari hii hakifikii kikombe, anabakiza sentimita chache, na hapo ndipo tiba inapoanza. Kwa macho na sauti kazi hiyo imefanyika.

Kuna kitu kingine ambacho kliniki hainionyeshi. Kamera inaniingiza nyumbani. Naona kiti kilicho chini mno kwa goti jipya, zulia linaloteleza mlangoni, ngazi isiyo na pa kushika. Mara nyingi ushauri wa kuondoa zulia una thamani kuliko zoezi la siku hiyo.

Kutumiwa klipu za mazoezi na kuachwa peke yako ni jambo tofauti kabisa. Utengamao wa mbali una mtaalamu anayekupima, anayekuongezea uzito wa mazoezi na anayejua jina lako na tatizo lako.

Wapo wasiofaa kuanza kwa njia hii: anayesimama kwa mara ya kwanza na anaweza kuanguka, anayehitaji viungo vilivyokakamaa vinyooshwe kwa mikono, na asiyeona, asiyesikia au asiyeelewa maelekezo huku hana msaidizi. Tathmini ya kwanza, inapowezekana, ifanyike ana kwa ana. Na ukipata maumivu ya kifua, uso kwenda upande, ulimi kuwa mzito ghafla, au shavu la mguu kuvimba na kuuma baada ya upasuaji, acha mazoezi na utafute huduma ya dharura papo hapo.

Kabla ya kipindi, iegemeze simu kwenye kitu kizito, kwa kimo cha kiuno, mwanga ukitoka mbele yako na si mgongoni. Kwa zoezi la goti, simama ubavu kwa kamera ili nione pembe ya kukunja. Vaa nguo isiyoficha kiungo, weka kiti imara karibu, na msaidizi akae upande ulio dhaifu. Mtaalamu akitaka kurekodi, lazima akuombe ruhusa, nawe una haki ya kukataa. Kisha uwe na daftari. Andika kila siku umerudia mara ngapi na maumivu yalifika ngapi kati ya 0 na 10, hata siku ambazo hukufanya kitu. Kipindi kinachofuata ninaanzia kwenye ukurasa huo, na ndio unaoniambia kama wiki hii nikuongezee au nikupunguzie.