Kuziba baraza: maana yake na kinachobadilika ndani ya nyumba

Kuziba baraza ni kuifanya chumba ile sehemu ya mbele ya nyumba iliyo wazi, yenye paa na sakafu tayari, kwa kuijengea ukuta na kuitia dirisha na mlango. Wengine husema kufunga veranda, na ni jambo lilelile. Familia imekua: kijana amemaliza shule na hawezi kuendelea kulala sebuleni, bibi ameletwa kutoka kijijini kwa matibabu, au mama anataka fremu ya duka dogo. Pesa ya kujenga upya haipo, na kiwanja kimejaa. Macho ya wote yanageukia pale mbele, ambapo nusu ya kazi inaonekana imeshafanyika.

Kwa upande wa vifaa, hesabu inakubali. Chukua baraza la mita 4 kwa mita 1.8, lililopakana na chumba upande mmoja. Eneo lake ni mita za mraba 7.2, linalotosha kitanda, kabati na kiti. Unahitaji ukuta wa mbele na wa upande mmoja, jumla mita 5.8. Ukiupandisha mita 2.4 na kutoa nafasi ya mlango na dirisha, unabaki na ukuta wa mita za mraba 11 hivi. Tofali la inchi 18 kwa 9 huingia karibu kumi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo matofali 110 yanatosha, na machache ya akiba kwa yatakayovunjika. Ndiyo maana mafundi huikubali kazi hii bila kusita, na ndiyo maana huanza bila kufikiriwa sana.

Ninalotaka lieleweke ni kwamba baraza halikuwa nafasi tupu. Lilikuwa linafanya kazi kila siku: linatia kivuli, linapitisha hewa, linazuia mvua isipige mlango na madirisha ya mbele, linapokea watu. Ukuta ukisimama kazi hizo haziishi. Zitahitaji mahali pengine, na anayeziba bila kuzitafutia mahali huishia na chumba kimoja kipya na viwili vya zamani visivyokalika.

Tuanze na hewa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaumia. Ile nyumba ya Kiswahili ya mitaa ya Dar es Salaam kama Kariakoo, Ilala au Magomeni ina korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma na baraza mbele. Mlango wa mbele na wa uani vikiwa wazi, upepo unapita moja kwa moja. Vyumba viwili vya mbele hupata hewa na mwanga kupitia madirisha yanayotazama barazani. Lizibe lote, na dirisha la chumba cha wazazi linageuka kuwa dirisha la kuchungulia chumbani kwa kijana. Pazia linashushwa siku ya kwanza na halifunguliwi tena. Saa sita mchana taa inawashwa, feni inazunguka hewa ileile, na nguo kabatini zinaanza kunuka ukungu msimu wa masika.

Kanuni inayotumika sana katika ujenzi ni kwamba dirisha la chumba lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na nusu yake iweze kufunguka. Chumba kipya cha mita za mraba 7.2 kingeridhika na dirisha la mita za mraba 0.72. Lakini nyuma yake kuna chumba cha zamani, tuseme cha mita za mraba 12, ambacho sasa kinapumua kupitia hicho kipya. Vyote viwili ni mita za mraba 19.2, na vinahitaji madirisha ya karibu mita za mraba 1.9 kwa jumla. Dirisha moja la mita 1.2 kwa 1.2 ni 1.44, halitoshi. Mawili ya namna hiyo, moja mbele na moja ubavuni, yanatosha na kuzidi, na yakikaa kwenye kuta mbili tofauti upepo unapata pa kuingilia na pa kutokea. Juu ya dirisha la zamani weka tofali za matundu badala ya kuliziba kabisa. Kama chumba cha nyuma kina ukuta mwingine unaotazama nje, toboa dirisha jipya huko kabla hujagusa baraza. Na kama nyumba ina korido, usiizibe mbele yake. Ziba upande mmoja wa baraza, uache njia ya mlango wazi kama ilivyokuwa.

Jua nalo lina hesabu yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo ukuta unaoteseka ni unaotazama mashariki asubuhi na magharibi jioni. Baraza la magharibi lilikuwa mwavuli wa nyumba nzima. Likizibwa, ukuta mpya ndio unaopigwa na jua, tena chini ya bati ambalo upande wa mbele limeinama karibu na kichwa. Chumba cha namna hiyo kinahitaji dari, matundu ya kutolea joto juu ya dari, na kivuli kipya nje, hata kama ni mti au kipande cha bati juu ya dirisha.

Sasa tushuke chini. Sakafu ya baraza kwa kawaida ni jamvi jembamba la zege lililomwagwa juu ya kifusi, ukingoni likiwa na msingi mfupi kuliko wa nyumba, kwa sababu lilikusudiwa kubeba viti na watu. Ukipandisha ukuta juu yake, unazama kidogo kidogo wakati nyumba imeshatulia miaka mingi. Matokeo yake ni ufa wa wima pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani, mwembamba juu ya plasta mwanzoni, kisha unaingiza kidole. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, ufa huo huja mapema zaidi. Dawa yake ni kulikata jamvi kwenye mstari wa ukuta, kuchimba hadi kina cha msingi wa nyumba, na kuushika ukuta mpya kwa nondo fupi zilizopachikwa ndani ya ule wa zamani kila baada ya kozi (mistari ya matofali) chache. Nguzo zinazobeba paa zisiguswe mpaka lenta mpya, yaani mkanda wa zege wa juu ya ukuta, imekauka na kushika.

Halafu kuna mteremko. Baraza hujengwa chini kidogo kuliko sakafu ya ndani na huinamia nje ili maji yatoke. Ukiliacha hivyo, kitanda kitakaa upande na maji ya mvua yatapita chini ya mlango. Ukilijaza zege lilingane na ndani, pima kimo kwanza: paa lenye mita 2.1 ukingoni, ukiinua sakafu sentimita 15, linabaki mita 1.95, na mtu mrefu atagonga kichwa. Wakati mwingine hakuna njia ila kuinua kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, na hapo gharama inabadilika kabisa.

Jambo moja silisemi kwa upole. Zipo nyumba zinazopikia mkaa barazani kwa sababu ni pa wazi. Baraza likizibwa, jiko la mkaa lisibaki humo hata siku ya mvua, na lisiingizwe usiku ili kuwatia watoto joto. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini. Kadhalika mlango mmoja wenye grili na kufuli, ambao ndio njia pekee ya kutoka kwa nyumba nzima, ni hatari moto ukitokea. Ufunguo ukae mahali panapojulikana na kila mtu ndani.

Ruhusa ni mbili. Ya kwanza ni kibali cha ujenzi: Tanzania kutoka halmashauri, Kenya kutoka serikali ya kaunti, na kwa nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar kutoka kwa mamlaka ya hifadhi ya mji huo, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Baraza lililochungulia hifadhi ya barabara huenda limevumiliwa miaka mingi likiwa wazi. Likiwa chumba, ndipo huja alama ya X nyekundu ya kubomolewa.

Ruhusa ya pili ni ya ndugu. Nyumba ya familia mara nyingi ni ya marehemu baba, na kijana akijenga chumba mbele kwa pesa yake, chumba hicho kimeshakuwa sehemu ya nyumba ya wote. Siku ya kugawana, yeye atasema ni changu na dada zake watasema ni kiwanja cha baba. Kaeni mapema, mwandike nani alitoa kiasi gani na chumba kitahesabiwaje, mbele ya mashahidi. Zungumzeni pia msiba utakaa wapi. Barazani ndipo wanaume hutandika mikeka na wageni husubiri. Bila baraza, shughuli nzima inahamia kwenye turubai barabarani au kwa jirani.

Kwa familia isiyo na uhakika, mimi hupendekeza kuziba nusu. Chimba msingi kamili kana kwamba unajenga chumba, kisha pandisha ukuta mita moja tu na juu yake weka grili na wavu wa mbu. Upepo unapita, wageni wanapokewa, na kijana anaweza kulala humo miezi ya joto kwa pazia zito. Haja ikizidi, grili hutolewa, na kozi zilizobaki na madirisha huongezwa bila kubomoa ukuta.