Ndege haikuanguka, ilishuka

Katika kazi yangu ya kuongoza ndege hapa Lubumbashi, hakuna sentensi ya habari inayoniletea simu nyingi kama hii: "Ndege imepoteza mawasiliano na mnara." Ikisomwa redioni asubuhi, hadi saa sita simu yangu haijatulia. "Papa, banasema ndeke ilianguka?" Redio haikusema imeanguka. Ilisema mawasiliano yamekatika, na msikilizaji wa mitaa yetu ya Katuba au Kenya akamalizia mwenyewe sehemu iliyobaki. Simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemweleza ni mawasiliano gani, na nani, kwa muda gani.

Kwetu mnarani jambo hilo ni la kawaida. Mawimbi ya redio ya VHF tunayotumia husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo futi 35,000 tunaweza kuisikia ikiwa umbali wa kilomita 400 hivi. Ikishuka, upeo huo unafupika sana. Rubani anaweza kuwa amekosea tarakimu moja ya masafa ya redio, au amehamia masafa ya kituo kinachofuata mapema mno, au amepunguza sauti akizungumza na mwenzake. Wakati mwingine kitufe cha maikrofoni cha ndege nyingine kabisa kimekwama, kikaziba masafa yote, na sote tunasikia mngurumo tu. Redio ikifa kabisa, rubani anaweka namba 7600 kwenye transponda, kifaa cha ndege kinachojibu rada, anaendelea na safari kwa utaratibu unaojulikana, na sisi tunamwonyesha taa ya kijani kutoka mnarani ili atue. Abiria wanashuka na mizigo yao bila kujua lolote.

Kuna ngazi tatu ambazo kanuni za kimataifa zimetuwekea. Zikipita dakika 30 tangu wakati ambao ndege ilipaswa kusema nasi, tunatangaza INCERFA, yaani hatua ya mashaka. Inafuata ALERFA, hatua ya tahadhari, kisha DETRESFA, hatua ya dhiki. Vyombo vya habari hupenda ile ya katikati kwa sababu inatisha vizuri. Lakini ALERFA inatangazwa hata kwa ndege iliyoruhusiwa kutua, ikapitisha dakika tano baada ya muda wake bila kutua wala kujibu. Mtu akisoma kwamba "hatua ya tahadhari imetangazwa" anaona mabaki porini. Mimi naona mwenzangu ameshika simu, anauliza viwanja vya jirani mmoja baada ya mwingine.

Mfano mkubwa wa sentensi hiyo kuleta hasara ni ndege MH370 ya Malaysia Airlines, iliyotoweka tarehe 8 Machi 2014. Tangazo la kwanza la kampuni lilisema mawasiliano yalipotea saa nane na dakika 40 usiku kwa saa za kule. Ulimwengu ukaelewa kwamba mpaka dakika hiyo marubani walikuwa wakizungumza na mnara. Baadaye ikajulikana kwamba neno la mwisho kutoka ndani ya ndege lilisikika saa saba na dakika 19. Dakika chache baadaye ikatoweka kwenye rada za kiraia. Rada ya jeshi iliendelea kuiona hadi saa nane na dakika 22, na setilaiti ikaendelea kupokea ishara zake hadi saa mbili na dakika 19 asubuhi. Sauti, transponda, rada ya jeshi, setilaiti: kila kimoja kina saa yake ya "kupotea". Ukivifunika vyote kwa neno "mawasiliano", unapata saa nzima na ushee ambayo haikuwepo.

Neno ambalo ningelipiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka ni "kutumbukia". "Ndege yatumbukia futi 25,000 kwa dakika tano, abiria wapiga kelele." Kelele zilikuwepo, sikatai. Lakini ndege haikutumbukia. Hewa ya ndani ilianza kuvuja, na kwenye futi 35,000 mtu asiye na oksijeni ana kati ya sekunde 30 na 60 za akili timamu. Vinyago vinavyodondoka juu ya kiti chako vina oksijeni ya dakika 12 hadi 15 hivi katika ndege nyingi. Kwa hiyo rubani anafanya alichofundishwa na kupimwa mara kwa mara: anapunguza nguvu za injini, anafungua breki za hewa juu ya mabawa, anainamisha pua na kushuka haraka mpaka futi 10,000, ambako binadamu anapumua mwenyewe. Futi 5,000 kwa dakika, mara 5. Ni hesabu iliyopangwa, na yule rubani anayelaumiwa kwenye vichwa vya habari ndiye aliyefanya kazi yake sawasawa.

Futi zenyewe nazo zina mtego, na mtego huo unatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko watu wa pwani. Urefu unaotajwa kwenye habari mara nyingi umehesabiwa kutoka usawa wa bahari. Siku hizi kila kijana ana programu ya kufuatilia ndege kwenye simu, anapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp: "ilikuwa bado juu, futi 5,000!" Uwanja wetu wa Luano uko karibu futi 4,300 juu ya bahari. Ndege iliyo futi 5,000 hapa iko mita 200 na kitu tu juu ya paa za watu, inakaribia kutua. Goma ni kichekesho zaidi: uwanja wake uko juu kidogo ya futi 5,000, kwa hiyo ndege hiyo ingekuwa chini ya ardhi. Kavumu ya Bukavu iko juu zaidi ya hapo. Mwandishi wa mbali anayesema ndege "ilikuwa kwenye futi 6,000 salama" ilipokaribia Kavumu amesema bila kujua kwamba ilikuwa mita mia moja hivi tu juu ya uwanja.

Kuhusu "kuanguka" nitataja jambo moja tu, maana kila ndege iliyoacha piste, yaani njia ya kurukia, na kuingia majanini kwetu huitwa imeanguka. Aprili 2008, ndege ya abiria aina ya DC-9 iliyokuwa ikiondoka Goma haikufanikiwa kuruka. Ilipita mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere. Habari za kwanza ziliwahesabu karibu abiria wote kuwa wamekufa. Ndege "ikianguka", msikilizaji anadhani imetoka juu, na anayetoka juu haponi. Ukweli ni kwamba abiria wengi walitoka hai, baadhi wakaenda zao bila kuandikwa popote, na wengi kati ya wafu wapatao 40 walikuwa watu wa Birere waliokuwa kwenye shughuli zao. Mkanganyiko huo uliwaliza watu ambao ndugu zao walikuwa hai, na ukawasahau kwa siku kadhaa waliokuwa na msiba wa kweli.

Kuna pia ile ya "kuzima angani". Mashirika ya habari ya Kiingereza yana neno moja, "stall", kwa gari lililozimika na kwa bawa lililopoteza uwezo wa kubeba, na mtafsiri mwenye haraka anachukua la gari. Ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikiwa na watu 228 ilishuka kutoka futi 38,000 hivi kwa dakika tatu na nusu, na injini zake zote mbili zikifanya kazi. Pua ilikuwa imeinuliwa mno, hewa ikashindwa kupita vizuri juu ya mabawa. Aliyeandika kwamba injini zilizima alimpeleka msomaji kwa fundi, wakati swali lilikuwa la mafunzo ya marubani na vipimo vya mwendo vilivyozibwa na barafu.

Nimechelewesha makusudi suala la saa, kwa kuwa ndilo linaloniudhi zaidi. Sisi tunaandika kila kitu kwa saa ya dunia, ile ya UTC. Kinshasa iko mbele yake kwa saa moja, Lubumbashi kwa mbili. Ndege iliyoruka Kinshasa 09:00 kwenye kitabu chetu imeruka saa nne asubuhi ya kule, ambayo hapa ni saa tano. Inaruka kwa dakika 130 hivi, inatua Luano saa saba na dakika 10 mchana. Sasa msomaji anatoa saa nne kwenye saa saba na dakika 10, anapata saa tatu na ushee, na uvumi unaanza: ilizunguka wapi saa nzima? Kuna tatizo gani linalofichwa? Na ikitokea mhariri akanakili ile 09:00 yetu na kuandika "saa 9", mama anayemsubiri mwanawe anaelewa ni alasiri, wakati mtoto ameshatua zamani. Ninaposoma habari ya ajali, kabla ya kitu kingine natafuta kama wamesema saa za wapi. Mara nyingi hawajasema.

Halafu zinakuja ripoti. Kanuni zinataka ripoti ya awali itoke ndani ya siku 30. Hiyo inaeleza yaliyojulikana mpaka hapo: hali ya hewa, njia, mabaki yalivyolala, vinasa sauti vilikopatikana. Sababu haimo, na haikukusudiwa kuwamo. Lakini kesho yake utasoma "Ripoti yafichua chanzo". Siku 30 nyingine, ambazo hazihusiani na hizo, zinahusu wafu: kwenye takwimu za uchunguzi, aliyefariki kutokana na majeraha ya ajali anahesabiwa kama amekufa ndani ya siku 30. Akifariki siku ya 31 anabaki kwenye safu ya waliojeruhiwa vibaya. (Usafiri wa anga unaipenda thelathini, sijui ni kwa nini.) Kwa hiyo gazeti likiandika wafu 13 na ripoti ikaandika 12, usikimbilie kusema serikali inaficha maiti, uliza kwanza huyo wa 13 alifariki tarehe gani.