Visawe vya "big" havifanyi kazi moja

Kwa wanafunzi wengi wa Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kasulu, kuna imani ya siku nyingi: kamusi ikishapanga visawe vya neno la Kiingereza, chagua chochote, maana ni ileile. Si ajabu, kwani mazoezi ya darasani mara nyingi hutaka kisawe kimoja tu, bila sentensi.

Tuchukue "big". Visawe vyake ni pamoja na "large" na "great". Nyumba ni "big" au "large", hapo hakuna tatizo. Lakini "my big sister" ni dada mkubwa. Ukiandika "my large sister" umeshamsema mwili wake, na akikununia usishangae. Ziwa Tanganyika nalo limo katika "Great Lakes", yaani Maziwa Makuu. "Big Lakes" si jina lake. Hata kwetu, mwalimu mkuu si lazima awe mwalimu mkubwa.

Kuhakiki si kazi ngumu. Usiishie kwenye orodha, soma sentensi za mfano chini ya kila maana yenye namba. Ukiwa na intaneti, tafuta fungu zima la maneno ndani ya alama za kunukuu, uone wenye lugha wenyewe wanalitumiaje.