"Sloti Zimeisha, Tulale": Dhana Potofu za Mapumziko Kwenye D&D

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena kwa meza ya D&D (Dungeons & Dragons, gemu ya kuigiza hadithi kwa dadu). Tumekaa sebuleni huku Donholm, wachezaji watano, kikosi kiko levo ya tano, ndani ya hadithi ni saa tatu asubuhi, wametoka tu kupigana na magoblini wanne kwa mdomo wa pango na wizadi wetu (mchawi wa vitabu) ashatupa mipira ya moto yote miwili. Akaweka kalamu chini. "Sawa, tulale." Na wengine wakaanza kukunjua blanketi kama hiyo ni sheria. Nimekuwa DM (msimuliaji anayeendesha gemu) kwa meza kadhaa hapa Nairobi na hakuna kikundi kipya ambacho sijaisikia hii kitu, so wacha niiandike yote mara moja.

Dhana: sloti (nafasi za kurusha speli, yaani uchawi) zikiisha mnalala, zinarudi, mnaendelea.

Hapana. Kwanza kuna saa. Kitabu cha sheria cha 2014 kinasema huwezi kufaidika na mapumziko marefu (yale ya masaa 8) zaidi ya mara moja ndani ya masaa 24, na kile cha 2024 kimeiweka wazi zaidi, ukimaliza mapumziko marefu lazima masaa 16 yapite ndio uanze mengine. Sasa piga hesabu. Mmeamka saa kumi na mbili asubuhi, vita imeisha saa tatu, usingizi wa kurudisha sloti hauwezi kuanza kabla ya saa nne usiku. Hayo ni masaa 13 mmekaa hapo nje na maiti, na walio ndani walisikia kishindo. Siwezi kulifanya pango lisimame liwangoje. Watafunga njia, watahamisha mateka, wataita wenzao, na mkiingia kesho msiniulize mbona wamekuwa ishirini.

Pili, na hii ndio inaniuma zaidi, kulala baada ya kila vita kunawaibia wenzako. Wizadi wa levo ya tano ana sloti 9: nne za levo ya kwanza, tatu za pili, mbili za tatu (sloti nazo zina levo, kadiri ya nguvu ya speli). Woloki (mchawi wa mkataba) wa levo hiyo hiyo ana 2. Mbili tu! Lakini zote ni za levo ya tatu na zinarudi akipumzika saa moja (hayo ndiyo mapumziko mafupi), kwa hivyo siku ikiwa na mapumziko mafupi mawili anatumia sita. Mwongozo wa DM wa 2014 uliipangia siku vita sita hadi nane za wastani ama ngumu, na mapumziko mafupi kama mawili hapo katikati, na ni kwa siku kama hiyo ndio klasi (aina za wahusika, kama wizadi ama woloki) zinatoshana. Mkilala kila mara, wizadi anaingia kila vita na tisa, woloki na mbili, na mpiganaji ambaye nguvu zake zinarudi kwa saa moja hapati faida yoyote ya kuwa hivyo. Kuna dada alikuwa anacheza woloki kwa meza yangu, baada ya wiki kadhaa akaniambia polepole anataka kubadilisha mhusika juu anahisi hana kazi. Mhusika wake hakuwa na shida yoyote. Ratiba yetu ya kulala ndio ilikuwa mbovu, na mimi ndiye niliiruhusu.

Na wizadi mwenyewe anasahau kwamba saa moja inamlipa pia! Mara moja kwa siku, akimaliza mapumziko mafupi, anarudisha sloti ambazo levo zao zikijumlishwa ni nusu ya levo yake, ikikadiriwa juu. Kwa levo ya tano hiyo ni 3, yaani sloti moja ya levo ya tatu, mpira mmoja wa moto mzima, na wengine hapo hapo wanatumia dadu zao za uhai kujiponya.

Halafu angalia wizadi wetu alizitumia sloti zake kwa kitu gani. Goblini wa kitabu cha 2014 ana uhai 7 (pointi za kuvumilia kipigo). Mpira wa moto ni dadu nane za pande sita, wastani 28, hata akijiokoa kwa dadu akale nusu bado amekufa mara mbili. Kantripu (speli ndogo) ya moto kwa levo ya tano ni dadu mbili za pande kumi, wastani 11, na haili sloti hata moja. Chukua vita sita za raundi nne nne, hizo ni zamu 24, na wewe una sloti 9. Gemu yenyewe inakutarajia zamu nyingi utumie kantripu. Sloti ni kama tokeni za stima, ukiacha hita ya bafu inawaka asubuhi yote usishangae giza likikupata jioni ugali ukiwa kwa moto.

Dhana zingine ninazosikia: "Nimeandaa speli moja tu, nikiitumia imeisha." Hiyo ni ya matoleo ya zamani. Sasa speli uliyoandaa inabaki hapo, kinachoisha ni sloti.

"Tambiko linakula sloti." Halili. Tambiko ni speli inayofanywa polepole, linaongeza dakika 10 tu. Wizadi hata hahitaji kuwa ameliandaa, bora liko kwa kitabu chake cha speli. Kleriki (kuhani) lazima aliandae.

"Elfi akimaliza masaa 4 tuko tayari." Yeye ndiye yuko tayari, elfi ni jamii inayotosheka na masaa 4. Nyinyi wengine laleni.

"Mapumziko marefu ni masaa 8 ya usingizi, hakuna wa kulinda." Usingizi ni masaa 6, mawili yanayobaki unaweza kukaa macho, kusoma, kula, kulinda. Watu wanne wakilinda masaa mawili mawili, usiku umeisha na kila mtu amelala sita.

"Nazihifadhi sloti za bosi (adui mkuu wa mwisho)." Hii inanichosha karibu kama ile ya kwanza. Mtu anamaliza siku na sloti sita na mwenzake amekufa kwa vita ya tatu. Kwa meza yangu kila mwenye sloti anaweka vifuniko vya soda mbele yake: Coke ni levo ya kwanza, Fanta ya pili, Stoney ya tatu. Ukitumia unatupa kwa bakuli la katikati. Kila mtu anaona kilichobaki, na kabla hamjafungua mlango mwingine woloki anaweza kusema "mimi sina hata moja, tukae saa moja," na mnakaa.