Usiandike 20 kama hujahesabu pumzi

Chukua chati za wodi yoyote yenye wanafunzi wapya, angalia safu ya upumuaji tu, zingine achana nazo kwanza. Utakuta 20, 20, 18, 20, 20, kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Mzee mwenye nimonia 20, aliyefanyiwa upasuaji jana 20, na yule anayecheka na simu kitandani naye 20. Mi nafundisha wanafunzi wa uuguzi huko huko wodini, na nikiona safu ya namna hiyo najua hakuna aliyesimama na saa pale, manake wagonjwa hawajawahi kukaa kikao wakakubaliana wapumue sawa.

Mwanafunzi akianza, kinachomvutia ni sindano, kutafuta mshipa, kufunga vidonda, yaani vitu ambavyo hata akipigwa picha anaonekana nesi kweli. Kuhesabu pumzi anaona ni kupoteza muda. Na ndo hapo tunapoanza kutofautiana, kwa sababu kama ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu cha kujua nani usiku huu ataharibikiwa, ningechagua hicho.

Sikiliza sababu. Mtu akianza kupata maambukizi makali kwenye damu, au akivuja damu ndani kwa ndani, viungo vyake vinakosa oksijeni ya kutosha na damu inaanza kuwa na asidi. Ubongo unaisikia hiyo asidi mapema sana na unaamuru mapafu yaongeze kasi ili kuitoa kwa njia ya hewa. Wakati huo huo moyo unaongeza mbio na mishipa inajibana, kwa hiyo presha inashikiliwa, unapima unakuta 118 kwa 74 unafurahi. Kwa kijana mwenye afya hii inaweza kwenda muda mrefu tu, halafu presha ikija kushuka inashuka kwa kishindo na hapo ushachelewa. Pumzi zilikuwa zinasema tangu mapema, ila mliandika 20.

Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Kwenye NEWS2, mfumo wa alama wa kujua mapema nani hali yake inaharibika, wanaoutumia Uingereza, uliotoka 2017, mgonjwa mwenye pumzi 25 au zaidi anapewa alama 3, ambayo ndo alama ya juu kabisa kwa kipimo kimoja, na mwenye 8 kushuka chini anapata hizo hizo 3. Huyu wa chini watu wanamsahau. Mtu amepewa mofini kwa ajili ya maumivu, analala vizuri, kila anayepita anasema mwacheni apumzike, kumbe usingizi unazidi kuwa mzito na pumzi zinapungua. Huyo muamshe, muongeleshe, hesabu. Kwa watoto namba ni nyingine kabisa na hizi zishike kichwani: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno, miezi 2 hadi 11 ni 50, mwaka 1 hadi 5 ni 40. Hizo ndizo za WHO za kumshuku mtoto mwenye kikohozi kwamba ana nimonia.

Namna ya kuhesabu: shika mkono wa mgonjwa kama unapima mapigo, ulaze kifuani kwake, maliza mapigo halafu usiuachie, endelea kushika na sasa hesabu kifua kinavyopanda na kushuka. Usimwambie, kwa sababu ukimwambia tu "nahesabu unavyopumua" atabadilisha. Dakika nzima, sio sekunde 15 mara nne, hasa kwa kichanga ambaye anaweza kupumua haraka haraka halafu akanyamaza kidogo kisha akaendelea. Na macho yako yasiangalie namba tu: misuli ya shingo inavuta? Pua zinatanuka? Mbavu zinaingia ndani? Anamaliza sentensi au anakatika katikati? Hayo nayo yaandike.

Kingine cha kuandika ni kama mgonjwa yuko kwenye oksijeni. Ukiandika oksijeni ya damu asilimia 97 peke yake, anayesoma anadhani mtu yuko vizuri, kumbe ana maski usoni lita 10. 97 ya hewa ya kawaida na 97 ya maski ni wagonjwa wawili tofauti. Na kidole kikiwa cha baridi au kina rangi ya kucha nzito mashine ya kidoleni inayopima hiyo oksijeni inaweza kukudanganya, kwa hiyo badilisha kidole kabla hujakimbia kuita watu.

Mnaona ninakoelekea. Namba unayoiandika wewe mwanafunzi haibaki kwenye karatasi, kuna mtu atakuja saa mbili baadaye, hajamwona mgonjwa, ataichukua na kuamua dawa juu yake. Chukua presha. Kafu, ule mkanda unaojazwa upepo mkononi, ikiwa ndogo kwa mkono mnene, presha inasoma juu kuliko ilivyo. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, inasoma juu. Mgonjwa akiwa anaongea, amekunja nne, ametoka kupanda ngazi sasa hivi, juu tena. Daktari anaona 160, anaongeza dawa ya kushusha, na mgonjwa ambaye presha yake ya kweli ni ya kawaida anaamka usiku kwenda msalani anapata kizunguzungu anaanguka. Dakika tano za kukaa kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umeegeshwa usawa wa moyo. Na mkono wenye fistula ya kusafishia damu, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine ya figo, usiuguse kabisa kwa kafu.

Uzito nao ni vile vile, tena kwa mtoto ni hatari zaidi kwa sababu karibu kila dozi inapigwa kwa kilo. Paracetamol miligramu 15 kwa kilo, mtoto wa kilo 10 ni miligramu 150, sasa wewe ukikadiria kwa macho kwamba "huyu kama kilo 14 hivi" ushaongeza karibu nusu ya dozi bila kugusa dawa. Mizani ipo, itumie. Na mkojo! "Amekojoa vizuri" sio kipimo. Mtu mzima tunategemea angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, mtu wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa, sasa "vizuri" yako nitailinganisha na nini?

Tuje kwenye dawa. Najua mmekaririshwa mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi, njia, muda, na kumbukumbu, na mnaijibu vizuri sana kwenye mtihani. Shida inaanza kitandani. Mwanafunzi anafika anauliza "wewe ndo Mama Asha?", na mgonjwa mwenye homa, au asiyesikia vizuri, au anayeogopa tu kumbishia nesi, anaitikia ndiyo. Muulize hivi: "Mama, naomba unitajie majina yako kamili na tarehe ya kuzaliwa," halafu linganisha na mkanda wa mkononi na chati. Namba ya kitanda sio utambulisho, wagonjwa wanahamishwa usiku. Na usikose kuuliza aleji, hata kama imeandikwa, na uulize ilimfanyaje, kwa sababu kuharisha kidogo na kuvimba koo ni vitu viwili.

Mgonjwa akikwambia "mbona leo kidonge ni cha rangi nyingine?" simama hapo hapo. Usimtulize, usimwambie ni kampuni tofauti kama hujui. Rudi ukaangalie. Saa zingine ni kampuni tofauti kweli, na saa zingine yeye ndo amemwokoa nesi wake.

Maandishi ya dozi: usiweke sifuri baada ya nukta, 1.0 mtu anasoma 10. Weka sifuri kabla ya nukta, andika 0.5, ukiandika .5 nukta ikififia inakuwa 5. Insulini andika neno "yuniti" lote, usifupishe kwa herufi U, mwandiko ukiwa mbaya hiyo U inakuwa sifuri na yuniti 4 zinageuka 40. Na insulini inavutwa kwa bomba la insulini tu, lenye alama za yuniti. Ile ya kawaida ina yuniti 100 kwenye mililita 1, yaani yuniti 10 ni sehemu ndogo mno ya mililita, ukitumia bomba la kawaida kukosea ni rahisi kuliko kupatia. Insulini, heparini (ya kuzuia damu kuganda), mofini na potasiamu usiandae bila mwenzako kuhakiki, na kuhakiki maana yake apige hesabu mwenyewe kivyake, sio umuonyeshe jibu lako aitikie kwa kichwa. Potasiamu isiyochanganywa haisukumwi kwenye mshipa hata iweje, inasimamisha moyo.

Dripu nayo wengi wanakariri namba ya matone bila kuangalia seti, yaani mrija wa dripu. Lita moja kwa masaa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20 gawanya kwa dakika 480, unapata karibu 42 kwa dakika. Sasa ukikuta siku hiyo zimeletwa seti za watoto za matone 60 kwa mililita na wewe umeng'ang'ana na 42 zako, hiyo lita itachukua karibu masaa 24. Kila pakiti ya seti imeandikwa matone kwa mililita, isome kabla hujaichana.

Mikono sitaongea sana. Sanitaiza sekunde 20 hadi 30, maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Ila glavu, jamani. Glavu zimekuwa kisingizio, mtu amezivaa anatoka kitanda hiki anashika faili, anashika simu, anaenda kitanda kingine, glavu zile zile. Zinakulinda wewe tu hapo, mgonjwa hazimsaidii kitu. Vua, safisha mikono, vaa nyingine. Na sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, inaenda moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, na boksi likifika robo tatu linafungwa. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa muda huo huo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na mwisho ni masaa 72. Kuna wanaoficha kwa aibu mpaka masaa yanapita, hilo huwa linaniuma sana.

Swali wanaloniuliza kila mwaka: "nikiona namba mbaya mimi mwanafunzi nafanyaje?" Unapima tena mara moja, halafu unamwambia nesi wa zamu, hungoji raundi. Na usiseme "yule mzee hayuko sawa," hiyo haimsaidii mtu. Sema hivi: "Mzee wa miaka 68, siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo. Asubuhi pumzi zilikuwa 18, sasa 28, nimehesabu dakika nzima mara mbili. Mapigo 118, presha 104 kwa 60, oksijeni 93 bila maski, mkojo mililita 40 kwa masaa manne. Nahofia ni maambukizi, naomba uje umwone sasa." Nani, historia yake kwa ufupi, umeona nini, unataka nini. Nesi akisema "ngoja kidogo" na wewe bado unaona hali inabadilika, mwambie tena, na akiwa amezidiwa nenda kwa msimamizi wa zamu. Hutaonekana mjuaji, na hata ukionekana sio mbaya. Ukisikia agizo la daktari kwa simu sio wewe wa kulipokea, mpe nesi aliyesajiliwa, naye atalirudia kwa sauti kabla hajakata: jina la dawa, dozi, njia. Kisha andika kwenye chati saa uliyotoa taarifa na uliyempa, wala usisubiri mwisho wa zamu kuandika.